Mazoea ya Mwanafunzi wa Lugha: Jinsi Yanavyojengwa

Kila mwaka, majuma machache kabla ya kuweka tasnifu, naona jambo moja likirudi. Mwanafunzi aliyesoma lugha miaka kadhaa anakaa mbele ya karatasi na sentensi hazitoki. Si kwamba hana akili, wala si kwamba alikimbia masomo. Lugha ameisikia na ameisomea mtihani, ila mkono wake haujaizoea. Katika makala hii nataka kueleza mazoea ni nini, yanajengwaje, na kwa nini kwetu sisi wa kitivo cha lugha jambo hili linagusa riziki ya kesho.

1. Kusoma mara moja hakutoshi

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Alijifanyia majaribio mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima ni juhudi kiasi gani anaokoa anapozikariri tena baada ya muda. Baada ya siku moja, alichookoa kilikuwa kama theluthi tu. Aliona pia kwamba mazoezi yaliyogawanywa katika siku mbalimbali yanafaa kuliko yaliyorundikwa siku moja.

Hapa ndipo kukesha usiku wa kuamkia mtihani kunapotudanganya. Kunaweza kuleta alama, lakini msamiati huo hauko tena mwezi unaofuata. Anayerudia orodha ileile kesho yake, kisha baada ya siku tatu, juma na mwezi, anatumia dakika chache na anabaki na mali yake.

2. Siku 21 au zaidi?

Wengi wamesikia kwamba tabia mpya hukamilika kwa siku 21. Idadi hiyo hufuatiliwa hadi kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Hakuwa akipima tabia.

Waliopima ni Phillippa Lally na wenzake huko London. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 kwa majuma 12. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi ya mwili, akalifanya kila siku katika mazingira yaleyale. Muda uliokadiriwa wa tendo kuwa la kawaida ulikuwa siku 66 kwa mtu wa katikati, lakini tofauti zilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Jambo la pili lina faraja: kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Kwa hiyo aliyelala Jumanne bila kuandika asiseme yameisha. Aandike Jumatano.

3. Mawazo juu ya uwezo wako

Profesa Carol Dweck wa Marekani alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2006 kwamba kuna wanaoona akili kama kitu kilichokwisha kupimwa, na wanaoiona kama kitu kinachokua. Wa kwanza huogopa kosa kwa sababu linawafichua. Wa pili hulitumia. Tusitie chumvi: jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019, kwa maelfu ya wanafunzi wa sekondari wa Marekani, lilionyesha maendeleo madogo, hasa kwa waliokuwa na alama za chini. Fikra nzuri peke yake haiandiki ukurasa. Inachofanya ni kukurudisha kwenye daftari baada ya wino mwekundu.

Kwetu jambo hili lina sura yake. Mtoto wa Lubumbashi anasema nyumbani «batoto banacheza», na kitivoni anatakiwa kuandika «watoto wanacheza». Akiambiwa tu kwamba Kiswahili chake ni kibovu, atanyamaza. Akielezwa kwamba anazo aina mbili za lugha, kila moja na kanuni zake na mahali pake, ataona kwamba kazi yake ni kuzoea ya pili bila kuitupa ya kwanza.

4. Jinsi ya kuanza hapa kwetu

Funga tendo kwenye jambo lililopo tayari, usilifunge kwenye saa. Ukisema «nitaandika saa mbili usiku», umeme ukikatika mpango nao unakatika. Sema hivi: «Nikimaliza chai ya asubuhi, naandika sentensi tano.» Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa namna hii, unaotaja lini na wapi, husaidia nia kuwa tendo.

Liwe dogo kiasi kwamba hata siku ya taabu linawezekana. Sentensi tano kwa siku ni 35 kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba.

Tafuta wa kukusahihisha. Hili husahaulika sana. Mazoea hayachagui: anayeandika kosa kila siku anazoea kosa. Wanafunzi watatu wanaweza kubadilishana madaftari kila Ijumaa, kila mmoja akipiga mstari chini ya anachokitilia shaka, kisha yale yaliyowashinda wayapeleke kwa mwalimu. Sisi walimu nasi tuna sehemu yetu: zoezi fupi linalorudishwa mapema lina faida kuliko kazi ndefu inayorudi baada ya mtihani.

Mfumo wa LMD unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi kuwa sehemu ya masomo. Lakini mfumo hauwezi kukaa nawe mezani. Na nje ya chuo, redio, mashirika na ofisi za tafsiri hazitauliza ulipata ngapi katika sintaksia. Zitakupa ukurasa na kukuomba uurudishe jioni. Tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ukurasa huo unaweza kusomwa Bukavu, Kigoma au Nairobi. Atakayeuandika vema ni yule ambaye mkono wake umekwisha kuuzoea, na daftari la kuanzia halihitaji kusubiri mwaka mpya wa masomo.