Kwa nini mdadisi alimwacha mama mwenye nyumba

Asubuhi moja Mbagala, mama mwenye nyumba alitukaribisha ukumbini, akamwita mdadisi wangu "mwanangu," akakaa tayari kujibu maswali ya sabuni ya unga. Mchangamfu, hana haraka, na sabuni amenunua tangu aolewe. Mdadisi akaorodhesha watu wazima wa kaya ile, wanne, kisha kishikwambi kikamchagua mmoja: kijana wa miaka 22, kondakta wa daladala, aliyetoka alfajiri na angerudi usiku. Mama akashangaa. "Huyo hata nguo zake nafua mimi. Mtamuuliza nini?"

Nimesimamia wadadisi wa utafiti wa masoko kwa miaka 11, na swali la mama yule ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Jibu lake ndiyo kazi yetu yenyewe.

Tuanze na hesabu. Watu 1,067 waliopatikana kwa nasibu wanatosha kukadiria jambo kwa pungufu au zaidi ya asilimia 3, kwa uhakika wa asilimia 95. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na ukitaka kukadiria nchi nzima au mkoa mmoja tu wa Dar es Salaam, idadi ya kuhoji ni karibu ile ile. Wateja wengi hawaamini, wanadhani tunataka kupunguza gharama. Lakini hesabu hiyo ina sharti kubwa: kila mtu mzima awe na nafasi ya kuchaguliwa, na nafasi hiyo ijulikane.

Sharti hilo huvunjikia mlangoni. Saa nne asubuhi utamkuta nani nyumbani? Mama, mzee, mgonjwa, asiye na kazi. Ukihoji kila anayefungua mlango, ripoti yako itakuwa ya watu wanaoshinda nyumbani, hata uhoji laki moja. Mwanatakwimu Leslie Kish, mwenye asili ya Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alichapisha dawa yake mwaka 1949: jedwali linaloamua ni nani ahojiwe katika kaya, mdadisi asiwe na la kusema wala mwenye nyumba asiwe na la kupendekeza. Zamani jedwali lilichapwa kwenye dodoso. Siku hizi kishikwambi kinafanya uteuzi huo chenyewe. Na kwa kuwa kijana yule alikuwa na nafasi moja kati ya nne, ofisini jibu lake hupewa uzito wa watu wanne.

Tulirudi mara mbili tukamkosa. Safari ya tatu, Jumapili jioni, tukampata. Kumbe sabuni ya unga ananunua yeye mwenyewe, pakiti ndogo, karibu kila siku, kwenye kibanda cha kituoni, ya kuoshea gari. Mama hakuwa na habari hiyo, na dodoso letu halikuwa na nafasi ya jibu hilo. Maswali yote yalikuwa ya kufua.

Maswali nayo yana mitego yake. Madodoso mengi hutungwa kwa Kiingereza kisha hutafsiriwa, na kosa dogo linageuza matokeo. Mtu akisema anasikiliza redio saa mbili usiku, mdadisi lazima ajaze 20:00. Akijaza 2:00, amempeleka msikilizaji kwenye saa nane za usiku, watu wamelala fofofo, na mwenye redio atapanga matangazo yake kwa takwimu hiyo. Au muulize mtu anatumia dawa gani ya meno. Atajibu "Colgate," kwa sababu wengi wetu tunaiita hivyo dawa yoyote ya meno. Ndiyo maana huwa tunaomba kwa heshima tuletewe kasha lenyewe. Mara nyingi linakuja la kampuni nyingine kabisa.

Sasa ugonjwa wetu mkubwa: kupika data. Mdadisi anakaa chini ya mwembe, anajaza madodoso kumi kwa kubuni, jioni anakabidhi kazi. Tunawakamata. Kishikwambi kinaonyesha alikuwa wapi, na mahojiano ya dakika 35 hayawezi kuisha kwa dakika tisa. Sehemu ya mazungumzo hurekodiwa kwa ridhaa ya mhojiwa, na mimi huwapigia simu baadhi ya wahojiwa kuuliza kama kweli walitembelewa. Hata hivyo sikubali kuwalaumu wadadisi peke yao. Kampuni niliyoanzia ililipa kwa dodoso lililokamilika. Safari tatu za kumfuata kondakta zilihesabiwa kuwa dodoso moja, sawa na la aliyemhoji jirani dakika ile ile. Nauli ilikuwa juu ya mdadisi. Malipo ya namna hiyo yanafundisha uongo, na mteja anayebana bei hadi mdadisi akose nauli ya kurudi anajinunulia takwimu za kubuni. Mdadisi alipwe kwa siku, na safari ya kurudi iwe ndani ya bajeti.

Nawe msomaji, siku utakapobishiwa hodi, dai kitambulisho na barua iliyopitia ofisi ya serikali ya mtaa. Uliza majibu yako yatatunzwaje: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kukataa kuhojiwa ni haki yako. Ukikubali, jibu unalolijua. "Sijui" ni jibu kamili, tuna mahali pa kuliandika. Na ikiwa anayetafutwa ni kijana wako aliyeko kazini, usijitolee kumjibia. Tuambie anarudi saa ngapi.