Hesabu ya Umri wa Ulimwengu, kwa Wajukuu wa Rugera

Wajukuu zangu, mwaka 1971, wakati babu na bibi zenu wakipalilia mibuni na kukata mikungu hapa Rugera, Karagwe, kulikuwa na kitu kinachopita juu ya anga hili mara 14 hivi kila siku. Hakuna aliyewaambia. Kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, kilikwenda kilomita 7 na nusu kwa sekunde, na jina lake lilikuwa la Kiswahili: Uhuru.

Ilikuwa setilaiti. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco ambalo Waitalia walilisimika baharini katika Ghuba ya Ngwana, karibu na Malindi. Jina lilichaguliwa na Mama Marjorie Townsend, mhandisi wa Kimarekani aliyeusimamia mradi huo huko NASA, kwa heshima ya watu wa Kenya.

Mnaweza kuuliza kwa nini Wamarekani, wenye viwanja vyao vya roketi, wahangaike mpaka Malindi. Jibu liko kwenye ikweta. Mzingo wa dunia pale ni kilomita 40,000, na dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24. Gawanyeni: karibu kilomita 1,670 kwa saa, kuelekea mashariki. Roketi inayorukia mashariki kutoka Malindi huanza safari ikiwa na mwendo huo tayari, bila kuchoma hata tone la mafuta. Tena setilaiti iliyorushwa namna hiyo haitoki mbali na ikweta. Uhuru ilibaki kati ya nyuzi 3 kaskazini na nyuzi 3 kusini, na sisi wa Karagwe tuko nyuzi 1 na nusu hivi kusini. Ndiyo maana nasema ilipita kwetu.

Iliona nini huko juu? Nitawaambia, ila kwanza tuanze na ugomvi, maana bila ugomvi huo Uhuru ingekuwa kopo tu linalozunguka.

Zamani Isaac Newton alifundisha kwamba kila kitu kinavuta kila kitu. Sawa. Basi mbona nyota zote hazijavutana zikaangukia pamoja? Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1915 Albert Einstein akaandika milinganyo mipya ya mvutano: maada na nishati hupinda nafasi na wakati, na vitu hufuata mpindo huo. Mwaka 1917 akaichukua milinganyo ile akaitumia kwa ulimwengu mzima, na hesabu ikamjibu jambo asilolitaka, kwamba ulimwengu hauwezi kutulia tuli. Enzi hizo karibu kila mtu aliamini umetulia, naye pia. Akaongeza herufi moja ya Kigiriki, lamda, ya kusukuma vitu nje kiasi cha kusawazisha mvutano. Mimi kwa maoni yangu, hapo mzee aliilazimisha hesabu iseme alichotaka kusikia.

Aliyeiacha iseme yenyewe alikuwa Alexander Friedmann wa Urusi, mtaalamu wa hali ya hewa aliyewahi kurushwa na ndege za vita. Mwaka 1922 alitoa modeli yake. Na modeli ya hesabu si kitu cha kutisha. Tuchukue herufi a, iwe kipimo cha umbali kati ya galaksi na galaksi, yaani kati ya mikusanyiko mikubwa ya nyota. Leo a ni 1. Wakati ule umbali wote ulipokuwa nusu ya wa leo, a ilikuwa 0.5. Mlinganyo wa Friedmann unakuuliza mambo machache: kuna maada kiasi gani, na umbali unakua kwa kasi gani sasa hivi? Ukishajibu, unakupa a ya jana, ya juzi, na ya miaka bilioni ijayo.

Rusheni jiwe juu muone. Likirushwa kwa mkono hupanda, huchoka, hurudi. Lingerushwa kwa kilomita 11.2 kwa sekunde, na hewa isingekuwapo kulizuia, lingepanda likipunguza mwendo daima lakini lisirudi kamwe. Lingerushwa kwa kasi zaidi, lingekwenda zake na mwendo ukisalia. Ulimwengu wa Friedmann nao una miisho kama hiyo: kupanuka kisha kujikunja tena, kupanuka huku ukichoka bila kusimama, au kupanuka moja kwa moja. Kusimama tuli hewani, kama jiwe lililogoma kupanda na kushuka, hakumo.

Einstein aliandika kwenye jarida lilelile lililochapisha modeli hiyo kwamba Friedmann amekosea. Mwaka uliofuata, 1923, akaandika tena kwamba mwenye kosa ni yeye mwenyewe. Friedmann hakuishi kuona ushahidi wowote. Alikufa kwa homa ya matumbo mwaka 1925, akiwa na miaka 37.

Mwaka 1927 padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, akafikia hesabu hiyohiyo kwa njia yake, na yeye akaiunganisha na galaksi halisi. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya mlima Wilson, Marekani, akapima umbali wa galaksi ambazo mwanga wake ulishajulikana kuwa umevutika kuelekea wekundu, dalili kwamba zinatukimbia. Akaonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia zaidi. Iliyo mbali mara mbili, inakimbia mara mbili.

Najua kuna mmoja wenu ameshanyoosha mkono: Babu, unapanuka kuingia wapi? Hauingii popote, mjukuu wangu. Modeli haina ukuta wala nje ya ukuta. Umbali wenyewe ndio unaoongezeka kati ya vishada, yaani makundi, vya galaksi. Ndani ya kishada mvutano umeshashinda, na vitu vidogo kama dunia, mwamba na mwili wako vimeshikamana havipanuki. Kutoka Rugera hadi Kayanga ni umbali uleule. Nauli ya bodaboda ikipanda, msiusingizie ulimwengu.

Sasa leteni daftari. Vipimo vya leo vinasema galaksi iliyo umbali wa miaka nuru milioni 1 zaidi inakimbia kwa kilomita 21.5 hivi kwa sekunde zaidi. Mwaka nuru mmoja ni kilomita trilioni 9.46, kwa hiyo miaka nuru milioni 1 ni 9.46 ikifuatwa na kuhamisha nukta mara 18. Umbali ukiugawa kwa mwendo unapata muda, kama mlivyofundishwa kwenye mabasi ya Bukoba na Mwanza. Gawanyeni kwa 21.5, mtapata sekunde 4.4 zenye kuhamisha nukta mara 17. Mwaka mmoja una sekunde milioni 31.6 hivi. Gawanyeni tena. Jibu ni miaka bilioni 13.9. Na haijalishi mmechagua galaksi ipi, kwa sababu iliyo mbali mara kumi inakimbia mara kumi, na muda unabaki uleule. Yaani mkirudisha mkanda nyuma, zote zinakutana wakati mmoja. Hapo ndipo Lemaître alipopata wazo lake la mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo.

Hesabu yetu ni ya haraka, maana tumejifanya mwendo haujabadilika tangu mwanzo. Modeli kamili, inayohesabu na mvutano, inatoa bilioni 13.8. Tumekaribia kwa bahati nzuri, nitaeleza.

Lakini Hubble mwenyewe hakupata 21.5. Vipimo vyake vya umbali vilikuwa vifupi mno, akapata kama 150. Wekeni 150 kwenye daftari muone balaa lake: ulimwengu unakuwa na miaka bilioni 2 tu. Na wanajiolojia hawakukubali. Wao wana saa yao: urani iliyomo ndani ya fuwele za mwamba hugeuka risasi polepole (madini ya risasi, si ya bunduki), na kwa kupima imebaki ngapi na imegeuka ngapi wanajua mwamba una umri gani. Granaiti zilizotuletea bati la Kyerwa, katika miamba ambayo wataalamu duniani kote wanaiita Ukanda wa Karagwe-Ankole, zina miaka bilioni 1 hivi. Hizo zingeponea. Lakini granaiti ya Mwanza, ile ya Jiwe la Bismarck mnaloliona kwenye kadi za posta, ina zaidi ya bilioni 2 na nusu. Kwa namba ya Hubble, jiwe la Mwanza lilikuwapo kabla ya ulimwengu! Kwa hiyo ama modeli ilikuwa ya uongo, ama kipimo kilikuwa kibovu. Ilichukua hadi mwaka 1952 Walter Baade kuonyesha kwamba nyota zilizotumika kupimia umbali ni za aina mbili zilizokuwa zikichanganywa. Umbali ukaongezeka maradufu, na vipimo vilivyofuata vikaurefusha tena. Modeli haikuguswa hata herufi.

Turudi kwenye Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei kutoka mbinguni, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Wataalamu wake waliongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye baadaye, mwaka 2002, alipata Tuzo ya Nobel. Hadi ilipozimika Machi 1973 ilikuwa imekusanya orodha ya vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilimetameta kwa kasi ya ajabu, na leo tunakijua kuwa ni shimo jeusi linalokula gesi ya nyota jirani. Watu wengi hukumbuka hilo peke yake. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni jingine: Uhuru ilionyesha kwamba vishada vya galaksi vinatoa eksirei, na kwamba miale hiyo inatoka kwenye eneo pana, si kwenye nukta moja.

Inatoka kwenye nini? Jibu nalo liliondokea Malindi. Tarehe 15 Oktoba 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel V, ilirushwa kutoka jukwaa lilelile la San Marco, na katika kishada cha Perseus ikaona alama ya chuma. Sisi wa Kagera chuma tunakijua. Kule Katuruka, upande wa Bukoba, mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma yana zaidi ya miaka 2,000. Chuma cha Perseus kimepikwa ndani ya nyota zilizokwisha kufa, na kinaelea katika gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi ya moto kiasi hicho ilipaswa kutawanyika zamani. Kama haijatawanyika, kuna kitu kinaivuta, na ukijumlisha nyota zote na gesi yote, mvutano wao hautoshi hata kidogo. Kuna maada nyingine isiyotoa mwanga. Tunaiita maada ya giza, na kwenye modeli ya leo inachukua kama asilimia 27 ya vyote vilivyomo ulimwenguni, huku maada ya kawaida, ninyi, mimi, migomba na nyota zote, ikiwa asilimia 5.

Asilimia 68 zilizobaki zilijitokeza mwaka 1998. Vikundi viwili vya watafiti vilipima nyota zinazolipuka mbali sana, vikitaka kujua jiwe linachoka kiasi gani. Wakakuta halichoki. Linapanda likiongeza mwendo! Lamda ya Einstein, aliyokuwa ameitupa, ikabidi irudishwe, safari hii kwa amri ya anga. Ulimwengu ulipunguza mwendo kwanza, kisha ukaongeza, na hizo mbili zimekaribia kufutana. Ndiyo bahati niliyowaambia kuhusu hesabu yenu ya daftarini.

Msidhani mambo yamekwisha. Mwaka 2025 kikundi cha DESI, kinachopima mamilioni ya galaksi kutoka Arizona, kilitangaza dalili kwamba msukumo huo huenda unapungua kadiri muda unavyokwenda. Bado ni dalili. Na hata ile 21.5 niliyowapa nimeichukua katikati ya wagomvi wawili. Wanaosoma mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, ule uliogunduliwa na Penzias na Wilson mwaka 1964, wanasema ni karibu 20.7. Wanaopima nyota na milipuko yake wanasema ni karibu 22.4. Kila upande umekagua vifaa vyake mara nyingi na haurudi nyuma.

Basi kazi ya nyumbani ni hii. Fanyeni hesabu ya daftarini kwa 20.7, kisha kwa 22.4, muone zinatofautiana kwa miaka mingapi. Mkimaliza, msiache hesabu na fizikia mkifika sekondari kwa sababu tu mtu amewaambia ni ngumu. Ugomvi huu haujapata mwamuzi, na hakuna sheria inayosema asitoke Rugera.