Mkanda wa Motakaa Ukilia

Asimamaye alfajiri kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, pale Mapinga, husikia motakaa kuukuu zikiwashwa na kupiga ukelele mwembamba kama wa filimbi. Baada ya dakika chache ukelele hunyamaza, na mwenye gari hushika njia akidhani ya kuwa jambo limekwisha. Halikwisha. Sauti ile ni onyo, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maana yake na dawa yake.

Mbele ya injini mna mkanda wa mpira wenye nyuzi imara ndani yake. Mkanda huo huzungushwa na puli ya injini, nao huzungusha alternata itiayo umeme katika betri; na katika magari mengi ya zamani huzungusha pia feni na pampu ya maji yapozayo injini. Mkanda wa namna ya zamani una umbo la kabari. Haushiki kwa tumbo lake, bali kwa mbavu zake mbili zibanazo kuta za mfereji wa puli. Ukilegea au ukilika huteleza, na mpira utelezao juu ya chuma ndio uliao.

Huenda mtu akauliza: mbona hulia zaidi asubuhi? Ni kwa sababu kuwasha injini kumepunguza nguvu ya betri, na alternata hufanya kazi kubwa kuirudishia. Tena umande umelowesha mpira. Vivyo hivyo sauti huzidi taa ziwashwapo. Ama gari likipita dimbwini wakati wa masika, likalia kidogo na kunyamaza, hilo si neno.

Wako watu wapakao mkanda sabuni au grisi ili unyamaze. Hiyo si dawa. Mafuta huvimbisha mpira na kuzidisha kuteleza, na ugonjwa hubaki pale pale.

Yafaayo ni haya, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa:

Kwanza, tazama mbavu za mkanda. Zikiwa zinang'aa kama kioo, au zimepasuka, au nyuzi zimetokeza, nunua mwingine. Lakini mikanda mingi ya siku hizi haipasuki upesi, hulika tu. Basi usiipime kwa nyufa peke yake.

Pili, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu iliyo ndefu. Katika magari mengi ya zamani mkanda hushuka kadiri ya milimita 10 hadi 13. Kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu. Ukishuka zaidi, legeza boliti za alternata, ivute, kisha kaza. Wala usivute kupita kiasi, maana beringi za alternata na za pampu zitakufa mapema.

Tatu, tazama puli. Chini ya mfereji pakiwa pananga'ra, mkanda umezama mno, yaani huo au puli yenyewe imelika. Hapa pwani chumvi ya bahari hutia kutu, na mchanga hula mpira. Isugue kutu kabla ya kutia mkanda mpya. Tena puli zote zisimame katika mstari mmoja.

Nne, kelele isipokoma, toa mkanda na uzungushe kila puli kwa mkono. Ikwaruzayo ina beringi mbovu.

Mkanda mpya hulegea kidogo siku za kwanza, basi upimwe tena. Na injini ikiwa inazunguka, mwenye kanzu au leso asiinamie hapo kamwe.

Mkanda ukikatika njiani, taa ya betri huwaka, na pampu ya maji ikiwa juu ya mkanda huo, joto hupanda upesi. Simama mara moja. Aendeleaye hupindisha kichwa cha injini, akalipa mara nyingi kuliko bei ya mkanda. Na gari la kijiji huenda likawa limechukua mgonjwa usiku kumpeleka hospitali ya Bagamoyo. Hapo hasara si fedha tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwenye gari kuukuu na aweke mkanda wa akiba na spana zake chini ya kiti.