Startapu Ikifungwa, Pesa Yako Iko Wapi?

Ukiwa na duka pale Munyaka, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Iten, simu yako siku hizi ni nusu ya stoo. Unga, sukari na mafuta ya kupikia unaagiza ukiwa umekaa nyuma ya kaunta, unalipa kwa simu, na gari linaleta. Kuna programu ya kuagiza mali, kuna ya kukopa, kuna ya kulipia simu mpya pole pole, kuna ya kutuma mzigo. Nyingi ya kampuni zilizo nyuma ya hizo programu ni startapu, yaani kampuni changa za teknolojia ambazo bado zinaishi kwa pesa za wawekezaji kuliko kwa faida yao zenyewe.

Hatuna ubaya nazo. Zimewarahisishia wateja wetu kazi, na sisi wenyewe tuko kwenye biashara hiyo hiyo ya simu. Lakini tumeona watu wengi wanadhani kwamba kwa sababu wamelipa kwa simu, basi pesa yao imelindwa popote ilipo. Si hivyo. Pesa ikishatoka kwa akaunti yako ya simu, ulinzi wake unabadilika kabisa. Kwa hivyo leo tuifuate hiyo pesa tuone inalala wapi.

Tuanze na zilikotoka hizi kampuni. M-PESA ilianza Machi 2007. Kabla ya hapo, ukitaka kumuuzia mtu kitu cha shilingi 50 kila siku na yeye hana benki, ungelazimika kutuma kijana azunguke na daftari akikusanya pesa. Baada ya hapo simu ikafanya hiyo kazi. Mwaka wa 2010 iHub ikafunguliwa Nairobi, vijana wa kompyuta wakapata mahali pa kukaa pamoja na kupata intaneti ya maana. M-KOPA ikaja kuuza taa za sola kwa malipo ya kila siku kupitia simu. Twiga Foods ikaanza 2014, mwanzo kwa ndizi, ikiunganisha mkulima na mama mboga. Wawekezaji wa nje wakaona hiyo, na kwa miaka kadhaa pesa ikamiminika.

Halafu ikakauka. Kune, iliyokuwa ikipika na kupeleka chakula cha bei nafuu Nairobi, ilifunga Juni 2022. Sendy, ya usafirishaji wa mizigo, ikafuata 2023. Copia ndiyo iliyofanana zaidi na maisha ya mitaa kama Munyaka: mteja alikuwa anaenda kwa wakala, mara nyingi mwenye duka au saluni, anaagiza kwa simu ya wakala, na bidhaa inaletwa pale pale. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa kisheria. Mwaka huo huo MarketForce ikafunga RejaReja, ile huduma yake ya wenye maduka kuagiza mali kwa simu. Hizi hazikuwa kampuni za mkebe. MarketForce ilikuwa imetangaza kupata dola milioni 40 mapema 2022.

Mbona zianguke na pesa zote hizo? Mwenye duka yeyote wa Munyaka anaweza kujibu hili swali bila digrii. Faida ya pakiti ya unga ni shilingi chache. Ukitoa hapo mafuta ya lori, mshahara wa dereva, stoo na watu wa kompyuta, hakuna kinachobaki, na kila oda mpya inaongeza hasara. Nairobi mpaka Eldoret ni kilomita 300 na zaidi. Mradi tu mwekezaji anaziba pengo, mteja anaona bei nzuri na usafiri wa bure. Kutoka 2022 riba zikapanda Marekani, wawekezaji wakavuta mkono, na kufikia Januari 2024 dola moja ilikuwa inagonga shilingi 160. Tukiulizwa sisi, bei ya chini kuliko ya jumla mjini si zawadi. Kuna mtu anailipia, na hiyo siku atachoka.

Sasa pesa yako. Iko katika moja ya mifuko mitatu, na ni vizuri uijue kila mmoja.

Mfuko wa kwanza ni akaunti yako ya pesa kwa simu. Kanuni za Mfumo wa Malipo wa Kitaifa za 2014 zinasema kampuni inayoweka pesa za wateja kwa simu lazima iwe na shilingi kama hizo zimelala benki, kwenye akaunti ya amana iliyo kando na pesa za kampuni yenyewe. Hiyo pesa ni yako. Kampuni haiwezi kuichukua ilipe mishahara au deni lake. Ikipata shida kesho, wanaoidai hawana ruhusa ya kuigusa.

Mfuko wa pili ni akiba ya benki unayoifikia kwa simu, kama M-Shwari iliyoanza Novemba 2012. Hiyo inakaa kwenye menyu moja na pesa zako za kawaida, lakini kisheria ni akaunti ya benki. Benki ikianguka, Shirika la Bima ya Amana la Kenya linalipa mpaka shilingi 500,000 kwa kila mteja wa benki hiyo.

Mfuko wa tatu ndio wenye shida. Ni pesa uliyoitanguliza kwa kampuni ya kawaida: oda uliyolipia na haijafika, salio uliloacha ndani ya programu yao, pointi za zawadi, au malipo ya pole pole ya kitu ambacho bado hujakabidhiwa. Hiyo programu inaweza kukuonyesha "salio lako ni 3,400" kwa maandishi makubwa ya kijani, na bado hakuna akaunti ya amana mahali popote. Umewakopesha tu. Hata risiti unayo, lakini wewe ni mdai.

Na wadai wana foleni. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, wa kwanza ni mwenye dhamana, mara nyingi benki iliyoshikilia magari au majengo. Kuna gharama za wasimamizi wenyewe. Kuna mishahara ya wafanyakazi, ambayo nayo ina kipaumbele hadi kiwango fulani. Mteja wa kawaida aliyelipia oda yuko nyuma kabisa, pamoja na aliyewauzia karatasi za ofisi. Kampuni ikifika hapo, mara nyingi sufuria imebaki ukoko.

Kwa hivyo, ukikutana na startapu yoyote, uliza jambo moja kabla ya mengine: nani anatangulia? Chukua mfano wa taa ya sola ya kulipia kila siku. Unatoa malipo ya kwanza, taa unaenda nayo nyumbani, halafu unalipa huku ukiitumia. Hapo kampuni ndiyo imetangulia kwa sehemu kubwa. Sasa linganisha na mpango wa kulipia simu ya shilingi 15,000 kwa miezi sita ndipo uichukue. Hapo wewe ndiye umetangulia, na mwezi wa tano una shilingi 12,500 kwa watu usiowajua. Simu ni ile ile, bei ni ile ile, lakini hatari imehama upande. Bora hizo pesa uziweke kwa akiba yako mwenyewe kila wiki, ununue zikitosha.

Kwa mwenye duka ni hivyo hivyo. Lipa mzigo ukifika, ukiwa umeuhesabu. Kama kampuni inataka malipo kwanza, agiza ya siku mbili tatu na si ya mwezi, hata kama wanakupa punguzo la oda kubwa. Ukirudishiwa pesa ya bidhaa iliyokosekana, omba irudi kwa akaunti yako ya simu na si kama salio la programu. Na usikate mawasiliano na yule muuzaji wa jumla wa mjini uliyemzoea, maana programu ikinyamaza asubuhi moja, yeye ndiye atakayekupa mali. Munyaka kwa Kikuyu ni bahati, na jina ni zuri kwa mtaa, lakini stoki huwezi kuiendesha kwa bahati.

Pia angalia jina kabla ya kuweka PIN. Malipo ya kampuni yaende kwa Till au Paybill yenye jina la kampuni. Kijana wa mauzo akikwambia, "Mama, leo mtandao unasumbua, tuma tu kwa namba yangu nitakuwekea," mwambie asubiri mtandao urudi. Ukimtumia yeye, kwenye vitabu vya kampuni hujalipa chochote.

Deni nalo lina tabia yake. Watu husikia kampuni imefungwa wakafurahi kwamba mkopo wa stoki umeisha. Haujaisha. Deni lako ni mali ya hiyo kampuni, na wasimamizi watalidai au kuliuza kwa mwingine. Endelea kulipa, lakini kwa namba iliyotangazwa rasmi tu, maana matapeli hupenda sana wiki kama hiyo. Na kabla ya kukopa kwa programu yoyote, tafuta jina lake kwenye orodha ya wakopeshaji wa kidijitali waliopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Leseni hizo zilianza kutolewa 2022, na orodha iko wazi kwenye tovuti ya Benki Kuu.

Na kama kampuni unayoidai imeshaingia kwa wasimamizi, usikae ukingoja kupigiwa simu. Tafuta tangazo lao, mara nyingi liko magazetini na kwenye tovuti ya kampuni, upate jina la msimamizi na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai. Utajaza fomu ya kuthibitisha deni. Ambatisha namba ya oda, tarehe, na taarifa ya akaunti yako ya simu ya miezi husika, ambayo unaweza kuiomba kwenye menyu ya huduma. Taarifa hiyo inaonyesha kila malipo na namba yake ya muamala, hata kama meseji ulishazifuta.