Jina la Saida na Kompyuta

Katika shule yetu wako wanafunzi wanaojifunza kuandika skripti kwa lugha ya Python, nami ni mmoja wao. Kazi inayowashinda wengi ni kubadili maneno ndani ya maandishi marefu kwa njia ya rejeksi, yaani kielelezo kinachoieleza kompyuta sura ya neno linalotafutwa. Ufundi huu si wa jana. Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani, aliandika habari za msingi wake mwaka 1951, na mwaka 1968 Ken Thompson alieleza jinsi kompyuta iwezavyo kuutumia kutafutia maneno.

Tuchukue mfano wa orodha ya watahiniwa. Jina litakaloandikwa humo ndilo litakalotoka katika cheti, na kulisahihisha baadaye ni safari na gharama kwa mzazi. Tuseme Said lapaswa kuwa Saidi kila mahali. Ukiiamuru kompyuta ibadili "Said" kuwa "Saidi" bila neno zaidi, yatii mara moja. Lakini aliyekuwa Saidi tangu mwanzo amekuwa Saidii, na binti Saida amekuwa Saidia! Kompyuta haijui kuwa hawa ni watu. Yaona herufi nne tu.

Dawa yake ni alama \b, ambayo maana yake ni mpaka wa neno. Kielelezo chetu basi ni \bSaid\b. Hapa ndipo shida yenyewe huanza, maana mara nyingi skripti hukimbia hadi mwisho, haitoi onyo lo lote, wala hakuna jina lililobadilika. Sababu ni kwamba Python, ikiikuta \b ndani ya alama za usemi za kawaida, huigeuza kuwa herufi ya kurudi nyuma, isiyoonekana kwa macho, ambayo haimo kabisa katika orodha. Tia r mbele ya alama hizo, hivi: r'\bSaid\b', nayo itaiacha kama ilivyo.

Tena, amri re.sub haiyagusi maandishi ya zamani, bali hutoa mapya. Asiyeyapokea kwa kuandika orodha = mbele ya amri hiyo hubaki na yale yale.

Kosa la hila kuliko yote, nalo ndilo linipendezalo, ni pale majina mawili ya kwanza yanapobadilika na mengine yakabaki. Mwandishi ametaka SAID wa herufi kubwa naye ashikwe, akatia re.IGNORECASE mahali pa nne ndani ya mabano. Walakini mahali pa nne ni pa idadi ya mabadiliko, na thamani ya re.IGNORECASE ni 2. Basi Python hubadili mara mbili, ikaacha. Yapasa kuandika flags=re.IGNORECASE.

Kabla ya kuigusa orodha nzima, mimi huandika mistari minne tu: Said, Saidi, Saida, SAID. Ikitoka Saidi, Saidi, Saida, Saidi, ndipo huipa skripti orodha yote.