Mtoto wa ziwani afundishwe maji

Ndugu msikilizaji, wiki hii nimepata barua ya mama mmoja wa Igombe, hapa Mwanza. Baada ya shikamoo na salamu nyingi ananiuliza hivi: "Nimeambiwa kuwa Wazungu huwatia watoto wachanga majini, nao wakaelea wenyewe. Wangu ana miezi minane, na nyumba yetu iko hatua chache kutoka ziwani. Je, nami nimtie?"

Jibu langu ni fupi: La, mama, usimtie. Lakini swali lako ni kubwa, na linastahili maelezo.

Ni kweli kwamba mtoto mchanga akizamishwa uso hubana pumzi. Hilo ni jambo la maumbile, siyo ujuzi, na hufifia kadiri anavyokua. Mtoto wa miezi minane hawezi kuinua kichwa majini apate hewa ya kutosha. Na akimeza maji mengi, chumvi iliyomo katika damu hupungua hata akapata degedege. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema hakuna ushahidi kwamba mafunzo ya kuogelea humkinga na kuzama mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Baada ya hapo mafunzo yanaweza kusaidia, lakini hayachukui nafasi ya jicho la mzazi.

Na jicho ndilo jambo lenyewe. Mtoto mdogo huzama kimya kimya. Hapigi yowe, kwa kuwa mdomo umejaa maji. Hata ndoo ya kufulia yatosha. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu mmoja katika kila wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Basi funika pipa, mwaga maji ya ndoo, weka kizuizi mlangoni, na unapokwenda kuanika dagaa mkabidhi mtoto kwa mtu mzima, siyo kwa dada yake wa miaka sita. Bangladesh walianzisha vituo vijijini vya kulelea watoto wakati wazazi wako kazini, na vifo vikapungua sana.

Akifika miaka sita, hapo ndipo samaki akunjwe angali mbichi. Afundishwe nini? Kulala chali na kuelea. Kupumua bila hofu. Kugeuka na kurudi ufukweni. Kuogelea japo mita 25. Afundishwe pia kutomrukia mwenzake anayezama, bali amtupie dumu tupu au kamba, kisha aite watu wazima. Haya yafanyike na mwalimu, mahali panapojulikana kina, mbali na matete wanakokaa konokono wa kichocho, tena pasipo na mamba. Shirika la EMEDO la hapa Mwanza limekuwa likiwafundisha wanafunzi wa mwambao, kwa hiyo jambo hili linawezekana.

Mimi mwenyewe nilikulia mwambao huu. Bibi alinikataza ziwa kwa fimbo, nami nikamtii. Nikafika utu uzima siwezi kuelea. Simlaumu. Alidhani kuogopa maji ndiyo kinga. Lakini MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, na MV Nyerere ilipopinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia gati la Ukara na watu zaidi ya 220 wakafa, maji hayakumwuliza mtu kama alikatazwa. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Walionaswa ndani hawakuwa na pa kuogelea, na kujaza chombo kupita kiasi si kosa la mtoto. Nasema tu kuwa mtoto wa ziwani atachota maji, atapanda mtumbwi, atavua. Hatuwezi kumficha ziwa.

Kwa hiyo, mama wa Igombe, kwa sasa mshike mwanao mkono. Siku yake ikifika, mpeleke akafunzwe. Nami, kwa aibu ya mtu mzima, nimeanza kujifunza. Juzi nililala chali majini, nikahesabu hadi kumi.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.