Bernhard Langer: Ushindi Baada ya Miaka 50

Katika michezo mingi, mtu akifika miaka 40 huwa ameshaanza kutafutiwa kiti cha kocha. Gofu ina mlango mwingine: wachezaji wa kulipwa waliotimiza miaka 50 wana mashindano yao nchini Marekani, yenye zawadi za mamilioni ya dola. Hakuna aliyeutumia mlango huo kama Mjerumani Bernhard Langer.

Alizaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Anhausen, Bavaria, na aliujua mchezo huu akiwa mtoto wa kubeba mikoba ya wachezaji. Alishinda Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu, mara mbili, 1985 na 1993. Katikati palikuwa na maumivu. Mwaka 1991, kwenye Kombe la Ryder, pambano la timu za Ulaya na Marekani, mpira wake wa mwisho, wa futi 6 hivi, ulikataa kuingia shimoni na Ulaya ikalikosa kombe. Isitoshe, kwa miaka mingi mikono yake ilitetemeka kila alipopiga mipira mifupi, tatizo lililowaondoa wengi uwanjani. Yeye alibadili namna ya kushika fimbo, mara kadhaa, akasonga mbele.

Julai 2023, akiwa na miaka 65, alitwaa US Senior Open. Huo ulikuwa ushindi wake wa 46 miongoni mwa wakongwe, na rekodi ya Mmarekani Hale Irwin ya 45 ikavunjika.

Februari 2024 kano yake ya kisigino ilichanika. Miezi mitatu baadaye alikuwa uwanjani, na Novemba akashinda tena, akiwa na miaka 67! Nidhamu ya namna hii inastahili heshima kubwa: kuanzia 2007 hadi 2024, haukupita msimu hata mmoja bila Langer kushinda.